Edwin Rowland Moon

Edwin Rowland Moon (Southampton, Uingereza, 8 Juni 1886 – Felixstowe, Uingereza, 29 Aprili 1920) alikuwa mwunda boti, mmoja wa waanzilishi wa urubani nchini Uingereza na afisa wa ndege za kijeshi. Katika historia ya Tanzania anakumbukwa kwa yaliyompata katika delta ya Mto Rufiji mwezi Januari 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Injini ya ndege yake iliharibika, akalazimika kutua ndani ya mikoko, na mwenzake, Komanda Richard Bridgeman, akafa baharini. Moon alitekwa na Wajerumani. Alitoka hai katika ufungwa huo, akarudi kwao na kuendelea kuruka. Alifariki akiwa na umri wa miaka 33 katika ajali ya ndege ya safari ya mafunzo, vita vikiwa vimekwisha.

Mara zote mbili aliangushwa na chombo chake mwenyewe. Jambo hilo halikuwa la ajabu kwa marubani wa kizazi chake. Ndege za miaka ile zilikuwa za mbao, nyaya na kitambaa, na rubani aliyetoka salama vitani aliweza kufa asubuhi ya kawaida juu ya uwanja wa nyumbani.

Ujana na ndege ya Moonbeam

Moon alizaliwa Southampton, mji wa bandari katika pwani ya kusini ya Uingereza. Ni bandari ileile ambayo meli ya Titanic iliondokea tarehe 10 Aprili 1912. Mji huo uliishi kwa meli, na Moon naye alifanya kazi ya kuunda boti. Ujuzi huo ulimfaa sana, kwa sababu ndege za mwanzo zilihitaji fundi wa mbao kuliko fundi wa chuma. Mtu aliyejua kupinda ubao, kuunga viungo na kukaza kitambaa alikuwa na nusu ya elimu iliyotakiwa.

Ndugu wawili Wright wa Marekani walikuwa wameruka kwa mara ya kwanza mwaka 1903. Tarehe 25 Julai 1909 Mfaransa Louis Blériot alivuka mlangobahari kati ya Ufaransa na Uingereza, na baada ya hapo vijana wengi wa Ulaya walianza kujiundia ndege zao. Moon alikuwa miongoni mwao. Aliiita ndege yake Moonbeam, maana yake mwali wa mbalamwezi, akicheza na jina lake mwenyewe, kwa kuwa "Moon" ni mwezi.

Karakana yake ilikuwa katika Wool House, ghala la mawe lililo karibu na gati la Southampton. Jengo hilo ni la karne ya 14 na lilikuwa la kuhifadhia sufu kabla ya kusafirishwa ng'ambo. Karne nyingi baadaye liligeuzwa gereza la mateka wa vita wa Kifaransa, na baadhi yao walichonga majina yao kwenye boriti za paa. Kijana aliyekuja kuwa mateka katika Afrika Mashariki aliunda ndege yake chini ya boriti hizo.

Mwaka 1910 Moon aliipeleka ndege yake kwenye malisho ya North Stoneham, nje kidogo ya mji, akaruka nayo. Leo mahali hapo ni uwanja wa ndege wa Southampton. Anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kuruka kutoka ardhi ile.

Vita vilipoanza mwaka 1914 alijiunga na tawi la anga la jeshi la wanamaji la Uingereza, lililojulikana kama Royal Naval Air Service. Tawi hilo lilikuwa changa. Liliundwa rasmi mwezi Julai mwaka huohuo. Lilihitaji watu waliojua bahari na ndege kwa pamoja, na wa aina hiyo walikuwa wachache.

Ndege katika delta ya Rufiji kabla ya Moon

Ili kuelewa kwa nini ndege za wanamaji wa Uingereza zilikuwa Rufiji, lazima kurudi nyuma hadi mwaka 1914. Wakati huo Tanzania bara ilikuwa sehemu kubwa ya koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Mwezi Juni mwaka huo manowari ya Kijerumani SMS Königsberg, chini ya Kapteni Max Looff, iliwasili Dar es Salaam. Tarehe 20 Septemba 1914 iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza HMS Pegasus katika bandari ya Zanzibar. Baadaye, kwa upungufu wa makaa ya mawe na ubovu wa mitambo, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji.

Maficho hayo yalikuwa mazuri mno. Mto Rufiji unapokaribia bahari hugawanyika katika mikono mingi, ukiwemo ule wa Simba Uranga na ule wa Kikunya, na kati ya mikono hiyo kuna msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko mingine yote katika pwani ya Afrika Mashariki. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, kwa kuwa maji ni machache. Mabaharia waliokuwa nje hawakuweza hata kuiona manowari hiyo, maana mikoko iliificha na Wajerumani walikuwa wamefunga matawi kwenye milingoti. Ilibidi kuitazama kutoka juu.

Rubani wa kwanza kuifanya kazi hiyo alikuwa H. D. Cutler, raia aliyekodiwa pamoja na ndege yake kutoka Durban, Afrika Kusini. Alianza kuruka kutoka kisiwa cha Nyororo mwezi Novemba 1914 na akafaulu kuiona Königsberg. Tarehe 10 Desemba 1914 injini yake ilimsaliti, akatua ndani ya delta, akatekwa. Miaka miwili baadaye Moon alikuja kupatwa na mkasa uleule mahali palepale, karibu hatua kwa hatua.

Baada ya Cutler zililetwa ndege nyingine kutoka Uingereza. Hizo ziliwapa marubani taabu ya aina yake. Hewa ya joto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua ndege, na injini nayo hupungukiwa na nguvu. Ndege iliyopaa vizuri katika baridi ya Uingereza ilishindwa kuyaacha maji ya pwani yetu, au ilipanda mita chache tu ikabaki hapohapo, mahali ambapo bunduki ya kawaida iliweza kuifikia. Joto na unyevu viliyeyusha gundi ya viungo vya mbao, na rafadha zikapasuka. Mafundi walifanya kazi usiku kwa kuwa mchana jua liliharibu walichokitengeneza.

Kisiwa cha Mafia kilitekwa na Waingereza mwezi Januari 1915, na baadaye kikafyekwa uwanja wa ndege zenye magurudumu. Kutoka uwanja huo ndege ziliongoza mizinga ya meli mbili zenye kina kifupi, HMS Severn na HMS Mersey, zilizoingia mtoni tarehe 6 na tena tarehe 11 Julai 1915. Siku ya pili ndege ya rubani John Cull na mwangalizi wake Harwood Arnold ilipigwa, lakini iliendelea kutuma ishara ilipokuwa ikishuka, na wote wawili waliokolewa mtoni. Königsberg iliharibiwa, na mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikavutwa nchi kavu kwa nguvu za maelfu ya wapagazi wa Kiafrika, ikaendelea kutumika vitani kwa muda mrefu.

Vitabu vingi vya shule hukomea hapo, kana kwamba vita vya Rufiji viliisha manowari ilipozama. Haikuwa hivyo. Ndege za wanamaji ziliendelea kuruka juu ya pwani hiyo, na katika kipindi hicho cha pili ndimo Moon alimoingia.

Hali ya vita mwanzoni mwa 1917

Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliingia kutoka Kenya na kufuata reli ya Usambara kuelekea kusini-mashariki. Mwezi Juni mji wa Wilhelmstal, ambao leo ni Lushoto, uliangukia mikononi mwao, na Wajerumani wakaiacha milima ya Usambara. Dar es Salaam ilitekwa mwezi Septemba. Mwisho wa mwaka jeshi la Kijerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limesukumwa hadi upande wa Rufiji.

Tarehe 1 Januari 1917 Smuts alianza mashambulizi mapya kutoka Mto Mgeta. Tarehe 4 Januari mwindaji mashuhuri Frederick Selous, aliyekuwa kapteni mwenye umri wa miaka 65, aliuawa Behobeho, na kaburi lake lipo huko hadi leo. Siku hizohizo askari wa Afrika Kusini walivuka Rufiji huko Kibambawe. Kwa hiyo wakati Moon anapaa tarehe 6 Januari, bonde zima la Rufiji lilikuwa uwanja wa vita, na kujua nani yuko wapi katika delta lilikuwa jambo la haraka.

Siku za mikokoni

Asubuhi ya tarehe 6 Januari 1917 Moon aliruka kwa ndege ya kutua majini kwenda kuchunguza delta. Mwangalizi wake alikuwa Komanda Richard Orlando Beaconsfield Bridgeman, afisa wa manowari aliyezaliwa mwaka 1879, mtoto wa ukoo wa kikabaila wa Bradford. Kwa cheo Bridgeman alikuwa juu ya Moon. Ndani ya ndege, hata hivyo, mwenye usukani alikuwa mwana wa mafundi boti.

Wakiwa juu ya delta injini ilianza kuharibika. Ndege ya magurudumu ingewaua papo hapo, kwa kuwa hakuna mahali pa kutua kati ya mikoko. Yao ilikuwa na maboya, hivyo Moon aliweza kuishusha katika mmoja wa mikono ya mto. Hawakuweza kuitengeneza, nao walikuwa ndani ya eneo la adui. Walifanya kile ambacho kila rubani alielekezwa kufanya: waliichoma moto ili Wajerumani wasiipate, kisha wakaanza kutafuta njia ya kurudi baharini, ambako meli yao ilikuwa ikingoja.

Kwenye ramani safari hiyo ni fupi. Anayezijua delta za pwani yetu atafahamu kwa nini haikuwa fupi kwao. Mikoko husimama juu ya mizizi iliyopindana kama vikapu, na chini yake ni tope linalomeza mguu hadi pajani. Maji yanapojaa, mahali pa kukanyaga hapaonekani. Yanapokupwa, vijito hubaki mashimo ya matope. Kila baada ya hatua chache kuna mkono mwingine wa maji wa kuvuka, na mikono hiyo ina mamba na viboko. Maji ya kunywa hayapo, kwa sababu yale yanayozunguka pande zote ni ya chumvi. Wenyeji wa delta, ambao tangu kale hukata boriti za mikoko na kulima mpunga kwenye ardhi iliyoinuka, husafiri kwa mitumbwi kwa kufuata saa za maji. Wale maafisa wawili hawakuwa na mtumbwi wala mtu wa kuwaonyesha njia.

Walitangatanga kwa siku tatu. Walivuka vijito kwa kuogelea, na chakula chao kilikuwa nazi tu, wala si za kutosha. Walipata fremu ya dirisha katika nyumba moja wakaitumia kutengeneza chelezo. Mwenye nyumba ile hatajwi popote. Delta wakati huo ilikuwa imevurugwa na miaka miwili ya vita, na taarifa za kijeshi za pande zote mbili ziliandika majina ya maafisa na namba za mizinga, mara chache sana majina ya watu wa vijiji vilivyopitiwa.

Juu ya chelezo hicho walijaribu kushuka hadi mdomo wa mto. Hapo nguvu za maji ziliwazidi. Mto na maji ya kupwa yakisukuma kwa pamoja, mkondo hutoka kwa kasi kubwa, na chelezo kisicho na usukani wala kasia la maana hakiwezi kushindana nao. Walisukumwa nje hadi bahari ya wazi. Bridgeman alikuwa amechoka kabisa. Moon, aliyekuwa mwogeleaji mwenye nguvu zaidi, alijitahidi kumshikilia mwenzake asizame, lakini njaa, kiu na uchovu vilimshinda Bridgeman, akafa. Ilikuwa tarehe 9 Januari.

Jioni ya siku hiyo mawimbi yalimrudisha Moon pwani akiwa peke yake. Alikuwa hoi, na Wajerumani walimkamata.

Ufungwa wa vita

Kumfungia mateka wa Kizungu lilikuwa jambo gumu kwa Wajerumani wakati huo. Mwanzoni mwa vita mateka wao wengi walikuwa wamewekwa Tabora, mji uliotekwa na Wabelgiji mwezi Septemba 1916. Kufikia mwaka 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck halikuwa na mji wala reli. Lilikuwa likihama kusini ya Rufiji, kuelekea Lindi na nyanda za Makonde, na mateka walilazimika kuhama nalo.

Mvua za mwaka 1917 zilikuwa kubwa kupita kawaida. Bonde la Rufiji lilifurika, barabara zikakatika, na njaa ikaenea. Mateka wa Kizungu waliteseka kwa malaria na uhaba wa chakula. Lakini waliokufa kwa wingi zaidi walikuwa wapagazi, Waafrika waliobebeshwa mizigo na majeshi ya pande zote mbili, pamoja na wanavijiji ambao mtama na mahindi yao yalichukuliwa na kila kikosi kilichopita. Habari za Moon lazima zisomwe ndani ya hali hiyo. Yeye ana tarehe ya kuzaliwa, ya kutekwa na ya kufa, wao hawana.

Mwezi Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alipunguza jeshi lake kwenye nyanda za Makonde, akawaacha nyuma wagonjwa na mateka ambao hakuweza kuwalisha, na tarehe 25 Novemba akavuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Moon alipata uhuru wake mwishoni mwa mwaka huo na kurudishwa Uingereza.

Kwa utumishi wake na kwa juhudi zake za kumwokoa Bridgeman alitunukiwa nishani ya Distinguished Service Order, ambayo hupewa maafisa waliofanya jambo la pekee vitani. Inafaa kuangalia kilichotuzwa hapa. Hakuwa amezamisha meli wala kuangusha ndege ya adui, na Bridgeman hakuokoka.

Felixstowe na ajali ya 1920

Tarehe 1 Aprili 1918 tawi la anga la wanamaji liliunganishwa na lile la jeshi la nchi kavu, likazaliwa Jeshi la Anga la Kifalme. Moon alibaki katika jeshi hilo jipya baada ya vita, wakati maelfu ya marubani wenzake waliruhusiwa kwenda nyumbani. Alipanda hadi cheo cha kiongozi wa skwadroni.

Kituo chake cha mwisho kilikuwa Felixstowe, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uingereza. Huko ndiko afisa mmoja wa wanamaji, John Cyril Porte, alikotengeneza wakati wa vita aina mpya za ndege kubwa zenye tumbo la mashua. Tofauti na ndege ya maboya aliyoirusha Moon Rufiji, ndege hizi zilikaa juu ya maji kwa tumbo lake lenyewe kama jahazi. Aina ya mwisho ya mfululizo huo, Felixstowe F.5, ilikuwa na injini mbili za Rolls-Royce na mabawa yenye upana wa zaidi ya mita 31 kutoka ncha hadi ncha. Kwa mwunda boti kutoka Southampton pasingepatikana chombo kilichomfaa zaidi: nusu yake ilikuwa kazi aliyoijua tangu ujana.

Ndege hizo hazikuwa rahisi kuendesha. Zilikuwa nzito na ziliitikia usukani polepole, na rubani alikaa wazi kwenye upepo. Kasi ikipungua mno, mabawa huacha kubeba uzito na ndege huanguka. Ikiwa juu sana rubani ana nafasi ya kuisawazisha. Ikiwa karibu na maji hana. Ndiyo maana safari za mafunzo, ambazo hujaa kupaa, kugeuka na kutua tena na tena, zilikuwa na hatari kubwa kuliko safari ndefu ya kawaida. Hatari nyingi za kuruka zimo katika dakika chache za mwanzo na za mwisho, na mwanafunzi anayajua mambo kwa kuyarudia hayohayo.

Jeshi la Uingereza lilikuwa limejifunza hilo kwa gharama kubwa. Katika nusu ya kwanza ya vita mkufunzi mara nyingi hakuwa na usukani wake mwenyewe ndani ya ndege, wala njia nzuri ya kuzungumza na mwanafunzi kwenye kelele za injini. Vijana walipelekwa peke yao angani baada ya saa chache za mafunzo, na wengi walikufa bila kuiona ndege ya adui. Kuanzia mwaka 1917 Robert Smith-Barry, katika shule yake ya Gosport, alianzisha utaratibu wa usukani wa pande mbili na mpira wa kusemea kutoka kinywa cha mkufunzi hadi masikio ya mwanafunzi. Aliwafundisha pia wanafunzi kuingia kwa makusudi katika hali za hatari ili wajue namna ya kutoka. Utaratibu huo ulipunguza ajali, lakini haukuziondoa.

Tarehe 29 Aprili 1920 Moon aliruka kutoka Felixstowe kwa ndege ya aina ya F.5 katika safari ya mafunzo. Ndege ilianguka baharini, naye akafa. Zilikuwa zimebaki wiki sita kabla ya siku yake ya kuzaliwa ya 34. Alikuwa ameruka kwa takriban miaka kumi, muda mrefu kwa rubani wa kizazi kile, naye alikuwa na uzoefu wa maji na wa hewa kuliko wengi waliokuwa chini yake. Uzoefu huo ulimsaidia Rufiji, ambako alikuwa na nafasi ya kuchagua pa kushuka.

Alizikwa katika makaburi ya zamani ya Southampton, mji wake wa kuzaliwa.

Kumbukumbu

Huko Southampton jina la Moon hutajwa hasa kwa ajili ya Moonbeam na uwanja wa North Stoneham. Ghala la Wool House bado limesimama. Kwa miaka mingi lilikuwa makumbusho ya mambo ya bahari ya mji huo.

Upande wa Tanzania habari zake hufunikwa na zile za Königsberg. Mabaki ya manowari hiyo yalionekana mtoni kwa miongo mingi kabla ya kuzama kabisa kwenye tope, na mizinga yake imesambaa: mmoja uko Fort Jesus mjini Mombasa, mwingine Pretoria. Ndege ya Moon haikuacha kitu, kwa kuwa aliichoma mwenyewe.

Ajali za mafunzo hazikuisha na kizazi cha Moon. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walifungua shule za marubani wa kivita huko Nakuru na Nanyuki nchini Kenya, kwenye nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi, na baadhi ya vijana waliokuja kujifunza huko wamezikwa katika makaburi ya Nakuru.

Kituo cha Felixstowe, wakati Moon alipokufa, kilikuwa pia makao ya Kikosi Namba 230 cha Jeshi la Anga la Kifalme. Mwezi Januari 1943 kikosi hichohicho, sasa kikiwa na ndege kubwa za kutua majini za aina ya Sunderland, kilihamia Dar es Salaam, na kwa mwaka mmoja hivi kikaruka juu ya Bahari ya Hindi kutafuta nyambizi za adui. Kutoka bandari hiyo hadi midomo ya Rufiji, ndege ya Sunderland haikuhitaji hata saa moja.